Kalamu ya Mzee Kijiti

Kwako Dada yangu mpenzi,

Kabla sijakusalimu, na unisamehe kwa kukosa adabu, nikuambie kwanza alichofanya mwanao sasa hivi. Nimegeuka kuvuta kiti nikae nikuandikie, kurudi namkuta chini ya meza, mashavu yamevimba, macho yamemtoka kama mwizi aliyemulikwa tochi. Nikamwambia fungua mdomo. Akakataa. Nikambana pua, akafungua, nikaingiza kidole na kutoa donge la karatasi lililolowa chapachapa. Kona ya ule mkataba mpya wa mwenye nyumba! Dada, mwili ulinisisimka. Si kwa sababu ya karatasi, maana huyu karatasi ameshakula nyingi, ndiyo maana baba yake akamwita Mchwa. Ni kwa kuwa kona ile ndiyo aliyoishika yule mzee kwa kidole gumba alichokilamba, mbele ya macho yangu. Nimemsukutua mtoto maji, nimemsugua ulimi kwa kitambaa mpaka kalia. Sasa amenyamaza, ananitazama kwa jicho la pembeni, na karatasi imebaki na alama za meno yake ya mbele. Nadhani ndiyo saini pekee itakayopata katika chumba hiki.

Haya, sasa salamu. Hujambo, Dada? Mama hajambo na goti lake? Shemeji naye je, bado anakoroma mpaka mbwa wa jirani wanajibu? Sisi huku tunaendelea, Baba Mchwa yuko safarini na lori, anarudi kesho, mtoto anakua na meno yake kama unavyoona. Mimi mwenyewe ni mzima, ila kuna jambo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Simu ya Mama unaijua, ukisema halo anayeitikia ni jirani wa nyumba ya tatu. Haya ninayokuandikia ni ya macho yako. Mama mpe salamu, mengine yameze kwanza.

Nyumba yetu hujaifika, ngoja nikuchoree. Ni vyumba vinne vimezunguka uani, bomba moja, karo moja, na kamba moja ya nguo iliyofungwa kutoka kwenye nguzo ya lango hadi ukuta wa jikoni. Huwezi kufika mlangoni kwa mtu bila kuinama chini ya nguo. Chumba cha kwanza ni cha Mama Pacha, anayepiga pasi nguo za watu. Cha pili anakaa Nesi, mkunga aliyestaafu, anaishi peke yake na redio yake. Cha tatu ni cha Fundi Saa, kijana mpole ambaye meza yake iko dirishani, unamwona kutwa nzima ameweka kioo jichoni kama anatafuta dhambi za watu. Cha nne ndicho chetu. Kila mmoja ana mkataba wa miaka miwili, na miaka hiyo hata nusu haijafika. Sisi tulitia saini, mwenye nyumba akatia, dalali akashuhudia. Tukapeana mikono. Nakumbuka nilinawa baadaye.

Mwenye nyumba tunamwita Mzee Kijiti, kisirisiri. Hajawahi kuonekana bila njiti ya kiberiti mdomoni. Njiti ile ina kazi kuliko mtumishi: anachokolea meno, anachokolea kucha, na akitaka kukuonyesha kitu anakunyooshea ncha ile ile, nawe unaiona bado inang'aa mate. Akija husema amekuja kukagua. Anakagua nini, wakati ukuta uko palepale na hakuna anachowahi kutengeneza? Anasukutua kinywa kwenye bomba letu, tunapooshea vyombo, na kutema kwa kishindo kama mtu anayefungua mkutano. Halafu anasimama katikati ya uani na kutazama. Anatazama tu. Ukipita na ndoo anatazama ndoo, ukipita na mtoto anatazama mtoto. Mimi nilidhani ni uzee.

Basi alikuja mchana mmoja Baba Mchwa akiwa hayupo. Kiti kipo, akakipita, akaenda kukaa kitandani, akavuta mto wa Mchwa na kuuweka chini ya kiwiko. Akasema ni jambo dogo tu, binti yangu, mkataba ule wa zamani umechakaa, huu ndio mpya, maneno ni yale yale. Nikamwambia wetu haujachakaa, upo kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, hapo hapo alipokalia. Akacheka, njiti ikahama kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine.

Unajua mimi na shule tuliachana mapema, lakini kusoma ulinifundisha wewe, kwa makaratasi ya sabuni na ya majani ya chai, na ukaniambia kwamba maneno ya mwishoni ndiyo yenye meno. Basi nikasoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza, yeye akihema kama mtu ninayempotezea mali. Kweli yalikuwa yale yale, mpaka chini kabisa. Pale pameandikwa kwamba chumba hiki ni cha watu watatu, na akiongezeka mtu wa nne, kwa kuja au kwa kuzaliwa, mkataba umekufa na mpangaji ataondoka mwezi huo huo. Nikamuuliza hili limetoka wapi, mbona halikuwepo. Akaniambia kama huna mpango wa kuongeza mtu, unaogopa nini? Halafu akapunguza sauti kama ananionea huruma, akasema wenzangu wote wameshatia saini, nimebaki mimi, na haipendezi mwanamke mmoja kuvuruga nyumba ya watu.

Nikampigia Baba Mchwa. Nilimsikia kwa shida, injini inanguruma. Akasema tia, mke wangu, tia tuishi kwa amani, mwenye nyumba ni kama kikohozi, ukishindana nacho ndipo kinazidi. Usimlaumu. Mtu anayelala barabarani akifikiria nyumbani anataka asikie pako kimya.

Kwa hiyo nilikubali, Dada. Sikufichi. Nilinyoosha mkono kupokea kalamu.

Sasa hapa kama unakula, sukuma sahani kando. Wakati mimi nasoma, yeye alikuwa ameichomeka kalamu ile sikioni. Si nyuma ya sikio kama makarani. Ndani. Anaizungusha polepole, amefumba jicho moja kwa raha, domo wazi. Ilipotoka, kifuniko chake kilikuwa na uchafu wa manjano, akaufuta kwenye shuka langu, akaninyooshea. Kichwa changu kilishakubali, mume wangu alishakubali, lakini mkono uligoma. Nikaruka nje, nikatapika kwenye karo mpaka nikaona nyota. Niliporudi nikamwambia aniachie karatasi, nitatafuta kalamu yangu mwenyewe. Akasema kinyaa hicho ni cha matajiri, akaenda zake.

Tangu hapo, nikimkumbuka natapika. Nikisikia harufu ya kiberiti, natapika. Asubuhi nikiliona lile shuka, ambalo nimelifua na kulichemsha, natapika. Nikajisemea kweli kuna watu ambao mwili unawakataa kabla ya akili.

Utaniuliza kwa nini sikwenda kumuuliza jirani kama kweli ametia saini. Hapo ndipo utakapomjua Kijiti. Mama Pacha alikuwa mwenzangu wa kuazimana chumvi na makaa, tukichekeana kutoka mlango hadi mlango. Kumbe yule mzee, katika kukagua kwake, alinidondoshea neno kwamba Mama Pacha anasema nepi za mwanangu zinamnukia kambani. Akaenda kwake akamwambia mimi nanung'unika kwamba mashuka ya wateja wake yanatunyima jua. Basi sisi mabwege tukavimba. Tukanuniana wiki nenda wiki rudi. Tukikutana bombani kila mmoja anamsemesha mtoto wake kwa sauti ili mwenzake asikie. Mimi: twende mwanangu, tusije tukamnukia mtu. Yeye: sogeeni wanangu, mwenye jua lake anapita. Nasikia aibu hata kuandika. Mtu akishawanyamazisha hivyo, anaweza kumwambia kila mmoja uongo anaoutaka, na hakuna wa kumpinga.

Kilichotuokoa ni mvua. Juzi iliingia bila hodi, Mama Pacha akiwa amekwenda kupeleka nguo kwa mteja. Nikatoka mbio kuanua za kwangu, na mikono, unajua mikono haina kununa, ikaanua na za kwake. Yale mashuka ya watu yangelowa yeye ndiye angelaumiwa. Nikayakunja vizuri, na aliporudi amelowa chepechepe, pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi, nikampelekea mlangoni. Akatazama nguo, akanitazama mimi, badala ya kusema asante akaanza kulia. Akaniambia ingia basi, unalowa bure. Nikaingia. Juu ya meza yake, chini ya pasi, nikaona karatasi ninayoijua. Na pa kutia saini peupe.

Nikamuuliza wewe hujatia? Akaniuliza si wewe ndiye umetia? Nikamwambia nani kasema? Tukatazamana. Halafu tulicheka, Dada, tulicheka mpaka mapacha wakaogopa wakaanza kulia.

Jioni hiyo hiyo tulikaa kwa Nesi, na Fundi Saa akaletewa kiti. Hakuna aliyetia saini, kila mmoja alikuwa ameambiwa amebaki yeye tu, akaona aibu kuuliza. Tukaziweka karatasi zote kitandani. Zilikuwa hazifanani! Kila mmoja alishonewa kwa vipimo vyake kama suti. Ya Mama Pacha inakataza pasi ya makaa chumbani, na pasi ndiyo inayowalisha wanawe. Ya Fundi Saa inakataza meza dirishani. Ya Nesi inakataza mgeni kulala, na mzee yule anajua kwamba binti wa Nesi anafanya kazi za usiku na mjukuu analetwa hapa. Kumbe kule kutazama kwake uani alikuwa anatuchukua vipimo. Fundi Saa akatueleza kwamba dalali mmoja aliyekuja kubadilisha mkanda wa saa alimdokeza kuwa Kijiti amepata kampuni inayotaka nyumba nzima, ikiwa tupu. Kutufukuza hawezi, mikataba inamfunga. Ndiyo maana anataka tutie saini jambo ambalo tutalivunja kesho yake asubuhi, halafu atuambie mmejitoa wenyewe. Fundi Saa, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akasema huyu mzee hata funza wanamwonea kinyaa.

Nesi aliposoma ya kwangu alirudia lile neno la kuzaliwa. Akanitazama juu ya miwani, akaikunja karatasi. Hilo nitalifikia, usiruke kurasa kama kawaida yako.

Jana mimi na Nesi tulikwenda ofisi ya mtaa, tumechukua mikataba yote, ya zamani na mipya. Tulimkuta karani, dada mmoja mwenye mafua, pua nyekundu, mezani vitambaa vya karatasi vimejaa. Nilidhani atatufukuza. Akasoma kimya, akapiga chafya, akasema mkataba uliotiwa saini na watu wawili haubadilishwi na mmoja. Akitaka kubadilisha aombe, na ninyi mna haki ya kukataa, na mkikataa ule wa kwanza unabaki na nguvu yake mpaka muda wake uishe. Akatuonya tusimtukane, tusiache kulipa kodi kama kawaida na kudai risiti, na akitufungia maji au akibadilisha kufuli turudi kwake mara moja. Tuandike barua moja ya wote, nakala mbili, na yeye mzee atie saini kwamba ameipokea. Nilimuuliza mara ya pili ili nisikie vizuri: yaani naweza kumwambia hapana, na nikabaki kwangu? Akasema ndiyo, mama, hapo ni kwako. Dada, sijawahi kuambiwa neno hilo na mtu wa ofisi. Nilitembea kurudi nyumbani kama nimevaa viatu vipya.

Sasa hili lisome peke yako.

Tulipofika, Nesi aliniita chumbani kwake, akazima redio. Alipozima redio nikajua kuna jambo. Akaniuliza natapika tangu lini. Nikamsimulia habari ya kalamu, yote, na lile sikio la mzee. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema Mzee Kijiti ni kinyaa kweli, lakini hajafikia kumtapisha mtu kila asubuhi akiwa hayupo. Akanipima kwa kipimo chake cha mkojo, tukasubiri, na mimi moyoni nikasema haiwezekani. Imewezekana, Dada. Mchwa anapata mdogo wake.

Nilifurahi kwanza, usinidhanie vibaya. Nilishika tumbo nikacheka kama mwendawazimu. Halafu nikashikwa na baridi. Maana kama mimi mwenyewe nilikuwa sijui, aliyeandika kwa kuzaliwa kwenye karatasi ile alijuaje?

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni. Akajifunika uso kwa mikono. Akasema siku zile tulizonuniana, Kijiti alisimama chini ya kamba, akachokoa meno, akamuuliza huyu jirani yako mbona siku hizi haaniki vile vitambaa vyake vya kila mwezi? Yeye aliona haya, akajifanya hakusikia, akaingia ndani. Akasema alitaka kuniambia lakini hatukuwa tunasemeshana.

Umeelewa, Dada? Alikuwa anahesabu vitambaa vyangu. Mzee mwenye wajukuu, anasimama uani na njiti mdomoni, anasoma kamba yangu mwezi hadi mwezi, na vilipokosekana akaenda kuandika kifungu. Mtoto wangu hajapata hata moyo wa kudunda, ameshaandaliwa notisi ya kuhama. Usiku nilijiosha mara mbili. Nilihisi kama ile njiti yake imenigusa mwilini. Nimeona uchafu mwingi, nimefua nguo za wagonjwa, nimezibua karo kwa mkono, lakini uchafu huu hauna sabuni.

Nilitaka kuing'oa ile kamba. Nikasema kuanzia leo nguo zangu zitakaukia ndani, chini ya kitanda, zivunde. Nesi akaniambia thubutu! Ukificha utakuwa umemkabidhi uani. Anapenda kusoma? Basi leo tumpe gazeti zima.

Na ndivyo tulivyofanya. Leo ndiyo siku aliyosema Kijiti kwamba atapita kukusanya saini. Asubuhi tumetoa vitambaa vyote tulivyonavyo, vya kwangu, vya Mama Pacha, safi, vyeupe, tumeanika kamba nzima kutoka langoni hadi jikoni, kimoja kimoja, vimeshikamana bega kwa bega. Hata Nesi, ambaye mambo hayo aliyaaga miaka mingi, amekata shuka la zamani akatundika viwili, anasema mzee asome na hivyo atuambie maana yake. Fundi Saa alitoka, akatazama, akarudi ndani. Baada ya kidogo akaja na pini zaidi za kubania. Tumecheka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kalamu nimekunywa chai ikakaa tumboni.

Barua yetu ameiandika Nesi kwa mwandiko wake wa cheti cha hospitali, tumetia saini wote wanne. Inasema tu kwamba tunabaki na mikataba yetu tuliyosaini. Hakuna tusi hata moja, ingawa Mama Pacha alipendekeza mawili mazuri sana.

Basi Dada, nisikuchoshe. Mpe Mama salamu zangu nyingi na umwambie akande lile goti kwa maji ya moto. Habari ya tumbo usimguse nayo mpaka nikuambie. Baba Mchwa akifika kesho nataka aisikie kutoka kwangu, mlango umefungwa, maana inatosha kwamba mwanamume wa kwanza kuijua alikuwa yule. Na nina ombi. Siku zikikaribia, uje ukae nami. Chumba ni kidogo lakini mkataba wetu, ule wa chini ya godoro, haukatazi dada wala mtoto, nimeusoma mpaka chini kabisa penye meno. Utalala na Mchwa, ila uchunge karatasi zako. Nakuota nikiwa nakusubiri langoni na

Lango limelia. Amefika. Namwona kutoka hapa dirishani, njiti imemdondoka mdomoni, anatafuta pa kupita na hapana pa kupita, na Nesi anamwambia kwa heshima zote inama, mzee, inama tu upite. Mama Pacha ananiita, Mama Mchwa, njoo na kalamu! Ni hii hii ninayokuandikia, Dada, maana inabidi atie saini kwamba amepokea, na ile yake hapa hakuna mtu atakaye